Mpunga wa Kuchemsha

Wiki iliyopita nilimwacha Théophile pabaya, na barua zenu zimenifikia. Mama mmoja ameniuliza kama nina roho. Ninayo, mama. Ila ya Sidonie siku ile ilikuwa imempanda kooni.

Théophile alikuwa juu ya ngazi jikoni, mkono mmoja umeshika boriti, mwingine unanyooka kuelekea kikapu cha mbegu. Chini yake alisimama mkewe Sidonie.

Kwa wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, mambo yenyewe ni haya. Ni mwaka 1943. Wazungu wanapigana huko kwao, na sisi wa Maniema tunailipia vita hiyo kwa mpunga na mpira. Hapa Lusangi kila nyumba imepewa kikapu cha mbegu ya kutunza mpaka mvua. Kikapu kinakaa juu ya moshi, mdomo umefungwa kwa kamba yenye alama nyekundu ya moniteri, msimamizi wa kilimo wa serikali. Ukila mbegu hiyo, ni fimbo nane mbele ya watu wote, halafu jela ya Kasongo. Na anayepigwa ni mwanaume mwenye nyumba, hata kama aliyekula ni mwingine.

Sidonie ameila. Alifumua kitako cha kikapu, akawa anatoa konzi moja kila siku, mwezi mzima, akimpikia uji binti yake Safi aliyekuwa ameanza kuvimba miguu kwa njaa. Safi amepona, anacheza. Kikapu kimebaki na makapi.

"Mama Safi," Théophile akasema kutoka juu, "mbona uko natetemeka?"

"Ni moshi."

"Moshi inatosha machozi. Haitetemeshe mutu."

Vidole vyake vikagusa kikapu. Sidonie akafumba macho.

Hapo pembe ikalia nje.

"Wanaume wote barabarani!" Ilikuwa sauti ya kapita, mkuu wa kijiji. "Majembe na fagio! Bwana wa mashamba hangoje tena siku ya posho kuja kukagua mbegu! Bwana anafika leo, jua likiwa katikati!"

Théophile akaacha kikapu palepale, akashuka. Kila ngazi aliyoshuka alikohoa. Tangu arudi kutoka msitu wa mpira, kifua chake hakikuwa kifua tena. Alipofika nje alitema chini, akafukia haraka kwa mguu ili mkewe asione rangi.

Sidonie aliiona. Ilikuwa nyekundu.

Fimbo nane juu ya mgongo wa mtu kama huyo! Hata ningekuwa mimi ningekimbia. Sidonie alikimbia.

Hakwenda mbali. Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi Fatuma, mke wa Asani, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wakichota maji pamoja. Fatuma alikuwa uani, anageuza mpunga juu ya mkeka.

"Fatuma, nisaidie. Wanamuua baba Safi."

"Nani anamuua?"

"Mimi."

Akamweleza yote kwa pumzi moja. Fatuma alisikiliza, mkono mdomoni. Sidonie alipomaliza, wote wawili waliutazama ule mpunga wa mkekani.

"Ni ya arobaini ya mama mukwe," Fatuma akasema taratibu. "Wajua. Asani na ndugu zake walikusanya kidogo kidogo, wamejinyima. Siku tisa zimebaki."

"Naomba leo tu. Bwana akishaenda, narudisha yote, hata punje moja haitapotea."

"Sikiliza muzuri, dada. Huu nilishauchemsha. Nilichemsha, nikaanika, ili usivunjike mu kinu. Kwa macho ni mupunga kama mwingine. Lakini ukiupanda, hautaota hata mumoja."

"Si wa kupanda, ni wa kuonyesha! Kaka yangu Zéphirin wa Kabambare ataleta mbegu mbele ya mvua. Aliniahidi."

"Na akikosa kuleta?"

"Fatuma, mi niko nasema mambo ya leo."

"Ndivyo ulisema mwezi muzima," Fatuma akajibu.

Neno hilo lilimchoma Sidonie, lakini hakuwa na muda wa kununa. Fatuma naye, midomo ikiendelea kulaumu, mikono ilikwisha kukunja mkeka.

Walikishusha kikapu jikoni kwa Sidonie, wakakipindua kitako juu, alama nyekundu ya moniteri ikiwa salama chini. Wakamwaga mpunga kupitia lile tundu. Kikajaa. Sidonie akachukua ukambaa na kuanza kushona, uzi ukitoka kila mara.

"Hodi!"

Nani? Hippolyte! Moniteri mwenyewe, kijana wa kaki na daftari, mwenye alama nyekundu. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kutazama kamba zake kabla Bwana hajafika.

Kikapu kiko sakafuni, kimepinduka, nusu hakijashonwa. Mlango ni wa majani matupu.

Fatuma hakufikiri. Alijitupa juu ya kikapu, akakifunika kwa leso yake, akashika tumbo na kuanza kulia kama mwanamke anayejifungua.

Hippolyte akachungulia. "Huyu ana nini?"

"Tumbo!" Sidonie akasema. "Mambo ya wanawake, moniteri! Usiingie!"

Hippolyte alirudi nyuma hatua tatu. Mtu aliyesoma, lakini mambo ya wanawake yanamtisha. Akasimama kidogo nje.

"Huyu si muke wa Asani? Hana kwake?"

"Uchungu ulimukuta hapa."

"Mmm," akasema Hippolyte, na nyayo zake zikaondoka.

Walimaliza kushona wakilia na kucheka kwa pamoja, kile kicheko cha hofu ambacho hakina furaha ndani yake.

Jua lilipofika katikati, vikapu vyote vilipangwa mbele ya nyumba ya kapita. Muzungu wa mashamba akaja na kofia yake ngumu. Watu walimwita Bwana Mustari, kwa sababu kwake kila kitu kilipaswa kupandwa kwa mstari, na watu vilevile.

Wanaume walikuwa wamebeba vikapu wenyewe kutoka majumbani. Théophile alipoinama kubeba chake aliyumba, nusura aanguke nacho. Akakiweka chini, akakinyanyua tena polepole, kisha akamtazama mkewe. Sidonie hakuelewa yale macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyeogopa, na yeye alidhani Théophile hajui lolote la kumwogopesha.

Kikapu cha kwanza kikafunguliwa. Hippolyte akaingiza mkono, akautoa umejaa unga na fukusi wanaotembea.

Cha pili, fukusi. Cha tatu, fukusi. Cha Cécilia, yule mjane mwenye watoto wanne, kilimwaga vumbi tu nusu yake. Cécilia akapiga magoti kabla hajaambiwa. Uso wa Bwana ulizidi kuwa mwekundu, na askari wake akaanza kuchezea fimbo.

Vikapu kumi na viwili, vyote vimeliwa na wadudu. Moshi wa mwaka ule ulikuwa mchache. Watu hawakuwa na cha kupika.

Kikafika cha Théophile.

Hippolyte alitazama alama yake, akaikuta nzima. Akakata kamba. Akazamisha mkono mpaka kiwiko, akautoa.

Safi kabisa. Punje nzima, ngumu, zinang'aa. Hakuna fukusi hata mmoja.

Bila shaka! Fukusi hapendi mpunga uliochemshwa. Sidonie hakuwa amelifikiria hilo, wala Fatuma.

"Hapana dudu!" Bwana akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Hata moja! Nani mwenye?"

"Mimi, Bwana," Théophile akasema, sauti imekauka.

"Wewe iko mutu ya akili! Wewe nachunga kesho! Ingine yote nalala tu!"

Sidonie aliachia pumzi. Imepita, akajiambia. Imepita, jioni narudisha mpunga kwa Fatuma, na Mungu anisamehe.

Msomaji wangu, usipumue bado.

"Sikia yote!" Bwana akaendelea. "Mbegu ya dudu, hapana panda. Twanga, kula leo, maliza. Mbegu ya Théophile, gawa kwa nyumba ile kumi na mbili. Yote panda hii tu!"

Watu wakapiga makofi. Hakuna fimbo! Na juu ya hilo, ruhusa ya kula! Miezi miwili watu hawakuonja wali. Wanawake wakapiga vigelegele, na Bwana akaenda zake kwenye nyumba ya wageni kula chakula chake.

Hippolyte akaanza kugawa, kibati kimoja kwa kila nyumba. Katikati ya kazi akatupa punje moja mdomoni, kama wakulima wote wanavyofanya, akaiuma.

Akaacha kutafuna.

Akainua macho, akamtafuta Sidonie katika kundi, akampata. Alitazama kamba yenye alama yake mwenyewe, iliyokatwa, iko chini miguuni pake. Akameza ile punje. Akaendelea kugawa, bila neno.

"Amejua," Fatuma akanong'ona. "Sidonie, amejua! Na mupunga wangu! Arobaini ya mama mukwe wanaigawa kwa watu!"

"Nyamaza, nakuomba."

"Nitamwambia Asani nini?"

Cécilia akamrukia Sidonie shingoni.

"Mama Safi! Mumeniokoa! Mi nilijua leo ni jela, watoto wangu watabaki na nani? Ona, nina mbegu ya kupanda, na ile ya zamani napikia watoto leo. Washibe leo, kesho iko salama!" Akacheka huku analia. "Kuya ule kwetu!"

Akaondoka mbio. Dakika chache baadaye kinu chake kikaanza. Kisha cha jirani yake. Kisha vingine, huku na huku, mpaka kijiji kizima kikawa kinatwanga.

Wengine walisikia furaha. Sidonie alisikia kifo.

Kwa nini? Fikiri naye. Mbegu ile ya fukusi haikuwa imekufa yote. Katika punje kumi, sita zilikuwa bado nzima, zingeota vizuri tu. Sasa ndizo zilizokuwa zinasagwa. Na mbegu mpya waliyoificha majumbani kwa furaha haingetoa jani moja. Mvua ingekuja, watu wangepanda, wangengoja. Wangeona udongo mtupu. Hapo ndipo ingekuja njaa yenyewe, na Bwana na fimbo zake kwa nyumba zote, na watoto kuvimba miguu, si mmoja kama Safi, bali wote.

Yeye aliokoa mmoja.

Akinyamaza, Théophile yuko salama leo. Akisema, Théophile anakufa leo. Sidonie alibaki amesimama katikati ya ule mdundo wa vinu, hajui mguu wake wa kwanza uende wapi.

Ulikwenda kwa Cécilia. Alimkuta ameinua mchi, akaushika kwa mikono miwili.

"Usitwange!"

"Una nini, mama Safi?"

"Usitwange! Acheni wote! Musitwange!" Alikuwa anapiga kelele sasa, anakimbia nyumba hadi nyumba, anang'oa michi mikononi mwa wanawake. "Acheni vinu! Mbegu yetu imekufa! Imechemshwa! Haitaota! Ile ya fukusi ndiyo mzima!"

Vinu vikanyamaza kimoja kimoja. Watu wakatoka, wakamzunguka. Katikati yao akaja Théophile, na nyuma yake Hippolyte, uso umemsawijika.

"Baba Safi," Sidonie akasema. Alijitahidi kumtazama. "Nilikula mbegu. Mwezi muzima nilikuwa natoa kwa chini, nampikia mutoto. Wewe haukujua. Unipige wewe mwenyewe, lakini..."

"Nilijua," Théophile akasema.

Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba waliokuwa nyuma waliuliza amesema nini.

"Nilijua tangu siku ya tatu. Ukishona kitako, ulikuwa unashona vibaya, punje zinaanguka mu moto. Mi nilikuwa napanda nyuma yako, nakaza." Akakohoa, akangoja kipite. "Mi ndiye nilisema kila siku tusiguse mbegu. Ningekuambia uguse namna gani? Nikanyamaza. Mutoto alikuwa anakula."

Sidonie alianza kulia kwa sauti. Mwezi mzima alikuwa amemwogopa mtu huyu, akijificha asimwone, kumbe walikuwa wawili katika kosa lilelile, kila mmoja peke yake na hofu yake! Angependa kumshika. Mbele ya watu wote vile hakuweza.

"Leo nilipobeba kikapu, nikasikia uzito," Théophile akaongeza. "Ndipo niliogopa kweli."

"Basi, imetosha!" Hippolyte akaingia kati. "Sikilizeni. Bwana iko anakula, hajasikia kitu. Kila mutu arudi kwake, atwange, anyamaze. Mbegu isipoota, tutasema ni mvua. Mi nitaandika ni mvua."

"Na tutakula nini mwaka kesho?" Cécilia akauliza.

"Kesho ni kesho! Wataka fimbo leo? Ile kamba ni yangu, alama ni yangu. Bwana akijua, mi naenda jela pamoja nao!"

Hakuna aliyesogea. Cécilia alitazama kinu chake, nusu mchele, nusu mpunga. Polepole akaanza kuokota zile punje zilizobaki nzima, moja moja, akizitia katika ncha ya nguo yake. Mwanamke wa pili akainama juu ya kinu chake. Kisha wa tatu.

Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anatwanga, kijiji kilikuwa kimya. Kimya kile kilifika mpaka nyumba ya wageni.

"Moniteri!" Ilikuwa sauti ya Bwana. Alikuwa anakuja kwa miguu, kitambaa cha kulia bado kifuani, askari nyuma yake. "Kwa nini kinu yote nasimama?"

Théophile alifungua vifungo vya shati lake. Lilikuwa shati jeupe, la Misa, alilivaa kwa ajili ya ukaguzi. Akalivua, akalikunja vizuri, mikono juu ya mikono, akampa mkewe.

"Tunza," akasema. "Isipasuke. Nitaivaa Siku ya Mungu, kwa Misa."

Mbavu zake zilihesabika. Akatoka mbele ya watu, akaelekea kwa Bwana, na akafungua mdomo aseme.

Hippolyte alimtangulia.

"Bwana!" Alikuwa karibu kulia. "Kuna mwizi! Mwizi aliiba mbegu ya Théophile, akatia mupunga wa kuchemsha! Kamba yangu ilikuwa mzima, alipitia chini! Mi mwenyewe nilimukuta asubui jikoni kwao, analala juu ya kikapu!"

Kidole chake hakikumwelekea Théophile. Hakikumwelekea Sidonie. Kilipita juu ya vichwa vya watu na kusimama kwa Fatuma.

Fatuma alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameshika kibati kitupu, ametoa macho, anamtazama rafiki yake.

Askari akamkamata mkono. Bwana Mustari alitazama kulia, akatazama kushoto, na macho yake yakatua kwa mwanamke aliyebeba shati jeupe.

"Wewe, muke ya Théophile," akasema. "Nyumba iko yako. Sema. Ni kweli, muke hii aliiba?"

Théophile alitaka kujibu, kikohozi kikamshika, akainama, hakuweza kutoa neno. Ilibaki kwake Sidonie. Neno moja tu la ndiyo, na mume wake angelivaa shati hilo Siku ya Mungu.

"Sema!" Bwana akarudia.

Sidonie akafungua mdomo. Alilosema, nitawaambia wiki ijayo.